Mguu wa Kimanzi

Vishindo vilianza nyuma ya pazia. Kimoja, viwili, vitatu, hadi saba, vya miguu mitupu juu ya mbao, na njuga zikijibu kila kishindo. Kisha kikaja kile kituo kidogo ambacho Machakos nzima ilikijua, pale mchezaji anapoburuta mguu wa kulia na kuning'inia hewani kama mtu aliyesahau kushuka. Mwalimu Nzomo alikuwa kwenye meza ya majaji, macho ameyafumba, akikingoja. Lakini hakusikia mburuto mmoja. Alisikia miwili, mmoja ukitoka upande huu wa jukwaa, wa pili ukiujibu kutoka upande ule.

Akafumbua macho.

Pazia lilipofunguka, watoto wa shule moja ya Kola walikuwa wamejipanga mistari miwili, wametazamana. Mstari wa kwanza uliburuta mguu wa kulia, kama ilivyo desturi. Mstari wa pili uliburuta wa kushoto. Ukiwatazama kwa pamoja, ungedhani mtu ameinama juu ya bwawa lililotulia na kivuli chake kimeamka kucheza naye. Pembeni alisimama mwalimu wao, Mwikali, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, ngumi zote mbili amezikunja, akihesabu kwa midomo bila sauti. Mwikali alikuwa amefundishwa ngoma na Nzomo mwenyewe, tangu akiwa darasa la tano.

Nzomo aliona wivu, na hakuona haya kuuona. Miaka ishirini na tisa ngoma hii ilikuwa mikononi mwake na hajawahi kuifikiria hivyo. Kisha furaha ikampanda kifuani hadi akajikuta anatikisa kichwa kama mtoto.

Kando yake, kalamu nyekundu ilikwaruza karatasi kwa hasira.

"Mguu wa kushoto," alinong'ona Titus, jaji kijana aliyeketi kuumeni kwake. "Mguu wa kushoto, mwalimu! Hii ni nini?"

Furaha ya Nzomo ikafa papo hapo. Alijua kalamu ile inaandika nini, na alijua ni nani aliyeitia wino.

Ilikuwa Juni, mwaka 2003, na kikundi ambacho kingeshika nafasi ya kwanza siku hiyo kingepanda jukwaa la mkoa. Ngoma ambayo vikundi vyote vilipewa ilikuwa moja, Ngoma ya Mwindaji. Kwa Nzomo haikuwa ngoma tu. Ilikuwa jina lake. Alifundisha Muthetheni, akahamishiwa Kangundo, akamalizia Kola, na kila alikopita aliacha watu wanaotembea vizuri. Wiki ya kwanza hakuwa akifundisha hatua hata moja. Aliwapa watoto mitungi ya maji wabebe kichwani, wazunguke uwanja, akisema shingo ikishajifunza, miguu itaona haya ibaki nyuma. Aliweza kufumba macho akataja jina la kila mtoto kwa kishindo chake. Akina mama wazima, wenye wajukuu, walipokutana naye sokoni walitua viondo chini wakamchezea hatua mbili tatu palepale katikati ya nyanya, naye akawarekebisha. Harusi bila Ngoma ya Mwindaji ilionekana kama chakula cha wagonjwa. Na mtu akiuliza ngoma hiyo imetoka wapi, jibu lilikuwa tayari: imetoka kwa wazee wa zamani, mwindaji alichomwa mwiba mguu wa kulia, akarudi nyumbani na nyama begani, akicheza ili mkewe asijue kwamba anaumia.

Hadithi tamu. Nzomo aliitunga mwenyewe, akiwa amesimama, kwa muda usiozidi kumeza mate.

Mwaka 1974, kule Muthetheni, alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Kimanzi, mguu wake wa kulia umenyong'onyezwa na polio. Kijana huyo hakuwa kwenye kikundi. Alikuwa nje ya dirisha, kila jioni, akifuata ngoma peke yake vumbini, na kila hatua ya nane ule mguu ulimchelewesha, akauburuta, akaning'inia, kisha akashuka pale ambapo moyo wa mtazamaji ulikuwa umeshakata tamaa. Kikundi kilichokuwa ndani kilionekana kama nguzo za ua. Nzomo alimwita ndani. Siku tatu alihangaika namna ya kumficha kwenye mstari, na siku ya nne akaacha kumficha: akawaambia wengine wote wacheze kama yeye.

Walishinda kikombe. Jaji mmoja akauliza, "Huku kuburuta mguu kuna maana gani?" Nzomo aliogopa kwamba akisema ukweli kikombe kitarudishwa, kwani sheria ilitaka ngoma za asili. Basi akamleta mwindaji.

Angeishia hapo, labda angelala usingizi wake. Lakini mwaka uliofuata waliitwa kuchezea wageni wakubwa uwanjani, na mwalimu mkuu akasema wachezaji wote wawe wazima wa viungo, watu wasije wakadhani shule inamdhihaki mlemavu. Nzomo hakubisha. Kimanzi alirudisha njuga zake zikiwa ndani ya mfuko wa sukari, zimesafishwa. Watoto ishirini na wanne wenye miguu mizima walichechemea mbele ya wageni wakapigiwa makofi, na mwenye mguu akabaki nyumbani akichunga mbuzi.

Majaji walikula chakula cha mchana kwenye chumba cha walimu. Kulikuwa na muthokoi wa mahindi na maharagwe, chai ya chupa, na mlango ulioshindikwa ili wazazi wasichungulie. Jaji wa tatu alikuwa Madam Kalunde, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachoanzia tumboni.

"Mimi nimewapa Kola tisini na moja," Nzomo alisema.

Titus aliacha kutafuna. "Mwalimu, unatania."

"Sitanii."

"Mimi sijawapa kitu. Kikundi kinachovuruga mila kinatolewa. Sheria iko wazi. Madam naye hajawapa."

"Watoto wamependeza," alisema Madam Kalunde, akijimiminia chai. "Siwezi kudanganya, hata mimi bega lilinicheza. Lakini mwalimu, tukiacha kila mtu aongeze mguu wake, miaka kumi tutakuwa na ngoma ya nani?"

Titus alitoa mkobani kijitabu kidogo chenye jalada la kijani, kingo zimelika kwa kusomwa. Nzomo alikitambua kabla hakijafunguliwa. Aliombwa akiandike miaka kumi na mmoja iliyopita, kiwe mwongozo wa mashindano, na yeye kwa kiburi akakubali.

"Ukurasa wa tisa," Titus alisema, akasoma polepole kama anayesoma Biblia kanisani. "'Mguu unaoburutwa ni wa kulia daima. Anayeubadilisha anamtukana mwindaji.' Nani ameandika hapa?"

"Ni mimi."

"Basi!"

Nzomo aliweka kijiko chini. "Titus, sikiliza. Hakuna mwindaji. Hakujawahi kuwa na mwindaji. Ile ngoma niliitunga mimi, kwa mguu wa mtoto mlemavu, Muthetheni, sabini na nne. Nilidanganya majaji, nikadanganya kila mtu, na hicho kijitabu ni uongo niliopiga chapa."

Madam Kalunde akaangua kicheko hadi akatafuta leso.

"Aiya! Mwalimu Nzomo! Unampenda huyo msichana wako wa Kola hadi unataka kujichomea nyumba?"

"Ni ukweli, Madam."

Titus hakucheka. Alikuwa amekasirika kwa heshima, jambo ambalo ni baya zaidi. "Mwalimu, mimi nilienda Muthetheni na kaseti. Kuna mzee pale aliniambia kwa mdomo wake kwamba alimwona babu yake akicheza hii ngoma, mwaka wa njaa. Ninayo sauti yake nyumbani."

"Mzee huyo alisimama dirishani nilipokuwa nikiwafundisha. Aliniuliza watoto wameumwa na nini."

"Kwa hivyo mzee ni mwongo?"

"Si mwongo. Ameiona kwenye harusi mia moja. Sasa anaikumbuka mpaka ile ambayo hakuiona."

"Na mimi nilipata diploma kwa hii ngoma," Titus alisema, sauti ikimpasuka kidogo. "Niliandika kurasa arobaini juu ya huyo mwindaji. Sasa wewe unaniambia aje?" Akakifunga kijitabu. "Huyo mtoto mlemavu yuko wapi? Kama yuko, mlete. Matokeo ni saa nane. Ukikuja bila yeye, sisi tuko wawili na wewe uko mmoja."

Nzomo alisimama. Hapo ndipo alipoelewa ukubwa wa ua aliojijengea. Miiba aliikata mwenyewe, moja moja, akaipanga vizuri, na watu waliompenda wakaja kila mwaka kuziba kila pengo.

Kimanzi alikuwa mshona viatu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameketi kwenye baraza ya duka la Mustaf, muuza kandambili na vitambaa, na kwa miaka kumi na miwili Nzomo alikuwa akipita barabara ya chini ili asipite hapo. Siku hiyo alipita ya juu. Mustaf ndiye aliyemwona kwanza, kutoka nyuma ya marobota yake.

"Mwalimu wa ngoma! Leo umepotea njia?"

Kimanzi aliinua kichwa. Alikuwa na nywele nyeupe pembeni, na sindano ya kushonea imebanwa katikati ya meno. Aliitoa bila haraka.

"Keti, mwalimu. Viatu vyako unapelekanga wapi?"

"Kule karibu na stendi."

"Wanakushonea vibaya. Nimeona kutoka mbali, kisigino cha kushoto kimelala."

Nzomo aliketi kwenye benchi la wateja. Alieleza yote, Kola, mguu wa kushoto, kijitabu, Titus, saa nane. Alieleza upesi kama anayetapika. "Nakuomba uje. Huna haja ya kusema neno. Uingie tu ukumbini, utembee, wakuone."

Kimanzi alichoma ngozi kwa sindano, akavuta uzi, akachoma tena.

"Mwalimu, huu mguu ulinichukulia mara ya kwanza bila kuniuliza. Nilikuwa mtoto, nilifurahi, sikujua umechukua. Mara ya pili ukasema nikae nao nyumbani. Sasa umerudi mara ya tatu, unasema niulete nikautembeze kama ng'ombe wa mnada."

"Si hivyo, Kimanzi."

"Ni hivyo. Watasema, 'Ehe, tembea hadi pale, rudi, geuka.' Mustaf, si ni hivyo?"

"Mimi sijasikia kitu," Mustaf alisema, ingawa alikuwa ameacha kupima kitambaa.

"Usipokuja hawataniamini."

"Siku ulipodanganya uliita nani akusaidie?" Kimanzi alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza. "Ulisimama peke yako na ukaaminiwa. Basi simama tena peke yako. Enda, mwalimu. Saa nane imefika."

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Nzomo, kama jaji mkuu, ndiye aliyepaswa kusema machache kabla ya matokeo. Alipopanda jukwaani watu walisimama na kumpigia makofi, hawakuacha, na kila kofi lilimrudisha nyuma hatua moja. Angeweza kusoma karatasi aliyopewa na Titus. Ilikuwa tayari mkononi. Kola haikuwa kwenye orodha.

Akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Hii ngoma haikuchezwa na wazee wenu," alisema kwenye kipaza sauti. "Niliitunga. Mwenye mguu unaoburutwa anaitwa Kimanzi. Alikuwa mwanafunzi wangu, na nikamfukuza. Kola wamecheza vizuri kuliko mtu yeyote leo, kuliko hata mimi. Wanaotolewa wanatolewa kwa sababu ya uongo wangu."

Sauti ya kike nyuma ikasema, "Woi, mwalimu ni mnyenyekevu jamani," na makofi yakaanza upya. Watu walicheka kwa upendo. Walidhani ni fumbo, fumbo la mtu mkubwa anayejishusha. Mzee mmoja mwenye kofia alisimama akapiga fimbo sakafuni. "Babu yangu aliicheza! Mimi niliona! Mwalimu ametunga kwani yeye ni babu yangu?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Nawaambia ukweli!" Nzomo alipaza sauti, lakini kadiri alivyopaza ndivyo walivyozidi kushangilia. Alihisi kama anapiga kelele ndani ya mtungi uliofunikwa. Titus alimshika kiwiko kwa upole, akachukua kipaza sauti, akatoa karatasi ya akiba. Akasoma. Kangundo wa kwanza. Muthetheni wa pili. Kola, wametolewa kwa kuvuruga mila.

Watoto wa Kola hawakulia mbele za watu. Walikaa chini kwenye mstari wao na kuvua njuga, kila mmoja akimsaidia mwenzake. Hilo ndilo lililomvunja Nzomo kabisa.

Mwikali alimkuta nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji. Alikuwa mkavu wa macho.

"Mwalimu, kile ulichosema ni kweli ama ulikuwa unatuonea huruma?"

"Ni kweli."

"Wewe ulinifundisha mwindaji. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa namwona! Nilijua hadi rangi ya nyama aliyobeba." Akapiga tangi kwa kiganja, likalia. "Na hawa wangu nimewaambia vilevile. Mwaka jana wote ulikuwa unakuja Kola kunitazama nikifundisha, unakunywa chai yangu. Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Ukangoja mpaka watoto wangu walipe."

Mwikali alivuta pumzi. "Nipeleke kwa huyo Kimanzi. Kama yuko, nimwone. Kama hayuko, mwalimu, usiwahi kuja shuleni kwangu tena."

Walishika barabara ya juu. Habari ilikuwa imewatangulia. Mustaf aliwapokea akitikisa kichwa. "Wateja wanasema mwalimu amezeeka, akili imeanza kuruka. Pole sana, mzee."

Kimanzi alikuwa kwenye benchi lake. Alimtazama Mwikali, akamtazama Nzomo. "Karibuni," alisema. "Ngoja niwape kiti, dada." Akainuka, akaenda kuchukua kigoda kilichokuwa mwisho wa baraza, akarudi nacho.

Kwenda na kurudi haikuwa zaidi ya hatua kumi na sita. Nzomo aliinamisha uso. Lakini Mwikali hakuinamisha wake. Alikuwa ametazama mguu ule ukichelewa, ukiburutwa, na lile bega la kushoto likipanda kuungoja, na midomo yake ikaanza kuhesabu yenyewe kama ilivyohesabu asubuhi pembeni mwa jukwaa. Kimanzi alipofika alimkuta mwanamke mgeni amefunika mdomo kwa mikono miwili.

"Bega," Mwikali alisema. "Mwalimu, bega. Hatulichezi vile. Sisi wote tunalicheza vibaya."

"Mimi nalicheza vile tangu nizaliwe," Kimanzi alisema, akaweka kigoda chini. "Keti."

Mwikali aliketi. Kutoka kule ukumbini zilisikika filimbi na watu wa Kangundo wakishangilia kikombe.

"Walicheka?" Kimanzi aliuliza mwishowe.

"Walicheka," Nzomo alisema.

"Ulitaja jina langu?"

"Nililitaja."

"Wakacheka hata hapo?"

"Hata hapo."

Kimanzi alichukua kiatu kilichokuwa hakijamalizika, akakigeuza, akakirudisha chini. Uso wake haukuwa na ushindi wala msamaha. "Jumamosi kuna harusi Muthetheni," alisema. "Wataniita nikazibe ngozi ya ngoma, kama kawaida yao. Wakianza kucheza nitapewa sahani, nikae nyuma ya jiko. Ndivyo nimekaa harusi zote, mwalimu. Nasikia vishindo, ninajua ni vyangu, ninakula."

Nzomo alijua harusi hiyo. Alikuwa amealikwa kuwa mgeni wa heshima. Alijua meza watakayompa na watu watakaosimama akiingia, alijua watakavyomcheka kwa mapenzi, kisha watakavyomcheka bila mapenzi. Mbele yake aliona Jumamosi moja baada ya nyingine, ukumbi baada ya ukumbi, hakuna hata mmoja wenye mlango wa nyuma.

Alitoka kwenye benchi, akasimama mbele ya mshona viatu, mikono ameishusha kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Jumamosi nitakuja nawe, Kimanzi," alisema kwa sauti, hata Mustaf akasikia, hata waliokuwa wakipita wakageuka. "Kabla kishindo cha kwanza hakijapigwa nitasimama niwaambie ni cha nani. Wakicheka nitasema tena Kangundo, kisha Kola, kisha nitarudi Muthetheni niwaambie upya, na sitakula sahani ya harusi yoyote wewe ukiwa nyuma ya jiko. Nakuahidi."